Jina la Kasoro Kwanza, Ndipo Dawa: Maswali Yenu Kuhusu Magonjwa ya Misuli ya Kurithi

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi tiba mpya zinazolenga jeni, na tangu hapo barua zimetufikia kutoka Kisauni, Likoni, Changamwe na Mji wa Kale, hapa Mombasa. Nyingi zimeandikwa na wazazi wenye watoto ambao misuli yao inadhoofika mwaka baada ya mwaka. Tumechagua nne, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Mwanangu wa pili ana miaka saba. Tangu alipokuwa na miaka minne alikuwa akianguka ovyo, na ustadhi wake wa madrasa ndiye aliyetuambia kwamba akitaka kuinuka kutoka kwenye mkeka hushika magoti kwanza, kisha mapaja, ndipo asimame. Tulizunguka zahanati kadhaa, tukaambiwa kuwa ini lake lina matatizo, mpaka daktari mmoja akapima CK, kimeng'enya cha misuli kinachopimwa kwenye damu, ikatoka juu mno, akasema ni ugonjwa wa Duchenne. Kakangu mkubwa naye alifariki akiwa na miaka kumi na tisa baada ya kudhoofika namna hiyo hiyo. Shemeji yangu aliye Dubai ametutumia video ya sindano moja ya Marekani inayosemwa kuwa inaponya ugonjwa huu. Ukoo umeanza kuchanga, na mume wangu anataka tuuze kiwanja chetu cha Mtwapa. Je, tuuze?

Marahaba, mama. Msiuze kiwanja. Nimeanza na jibu kwa sababu najua ndilo unalolingoja, na sasa nitaeleza kwa nini, kwa urefu, kwa kuwa uamuzi wa namna hii hautoshi kuegemezwa kwenye neno la daktari bila sababu zake.

Alichokiona ustadhi ni dalili ambayo madaktari wa neva huitafuta wakimwona mtoto kwa mara ya kwanza. Misuli ya nyonga na mapaja ndiyo inayotangulia kudhoofika, kwa hiyo mtoto hutumia mikono yake kujisukuma juu akijipanda mwilini mwake mwenyewe. Ukitazama mashavu ya miguu yake utayakuta yamenenepa, na watu husifu kwamba mtoto ana miguu yenye nguvu, kumbe kilichojaa humo kwa sehemu kubwa ni mafuta na nyuzi ngumu zilizochukua nafasi ya misuli. Hata lile suala la ini lina maelezo yake: vimeng'enya viwili vinavyopimwa kuchunguza ini hutoka pia kwenye misuli inayobomoka. Laiti kila zahanati ingepima CK kabla ya kumtibu ini mtoto wa kiume anayechelewa kutembea au anayeanguka ovyo, familia nyingi zisingepoteza miaka.

Ugonjwa huu huwapata takriban mvulana 1 kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, na chanzo chake ni kasoro katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya X, ambayo kazi yake ni kuuagiza mwili utengeneze protini iitwayo distrofini. Protini hiyo huikinga seli ya msuli isichanike kila inapokaza na kulegea. Isipokuwepo, msuli huchanika kidogo kidogo kila siku, mwili huziba na kurekebisha, na mwishowe hushindwa kurekebisha.

Sasa kuna jambo ambalo video haikuwaambia. Kusema mtoto ana Duchenne bado si kutaja kasoro yake. Jeni ya distrofini ni miongoni mwa jeni kubwa kuliko zote za binadamu na ina vipande 79 viitwavyo eksoni, ambavyo vimeungana kama mabehewa ya treni ya SGR, na kila ncha ya behewa ina umbo linaloingiana na behewa linalofuata pekee. Mtoto mmoja amekosa kipande cha 50, mwingine amekosa vipande vya 45 hadi 52, mwingine vipande vyake vimerudiwa mara mbili, na mwingine vyote vipo ila herufi moja tu ndiyo iliyokosewa. Wote wanne wanaitwa wagonjwa wa Duchenne, lakini dawa inayomfaa mmoja inaweza isimsaidie mwenzake hata kidogo.

Chukua mfano wa eteplirsen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Dawa hii huifanya seli iruke kipande cha 51 ili vipande vilivyobaki viingiane tena na protini itengenezwe, fupi kuliko kawaida lakini yenye kazi. Wazo hilo lilitokana na kuwatazama watu wenye ugonjwa wa Becker, ambao jeni yao ni hiyo hiyo na pengo wanalo, ila ncha zao zinaingiana, na kwa hiyo wengi wao hutembea hadi utu uzima. Dawa hiyo inawahusu takriban asilimia 13 tu ya wagonjwa wa Duchenne. Zipo nyingine zinazoruka kipande cha 53, za mwaka 2019 na 2020, na inayoruka kipande cha 45, ya mwaka 2021, na kila kipande kati ya hivyo viwili kinawahusu takriban asilimia 8. Ukizijumlisha zote, zaidi ya theluthi mbili ya wavulana wenye Duchenne hawamo. Na hata kwa waliomo, dawa hutiwa mshipani kila wiki, maisha yote, na distrofini iliyopimwa kwenye misuli ya waliotumia eteplirsen ilikuwa chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida. Ndiyo maana wakala wa dawa wa Ulaya ulikataa kuiidhinisha mwaka 2018. Nazisema habari hizi kwa uchungu, kwa kuwa sayansi yake ni ya kuvutia kweli, lakini mzazi ana haki ya kuambiwa kiasi cha faida pamoja na jina la dawa.

Sindano mliyoiona kwenye video bila shaka ni Elevidys, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwezi Juni 2023. Hutumia kirusi kisichosababisha ugonjwa kubeba jeni hadi kwenye misuli. Taabu ni kwamba kirusi hicho kina uwezo wa kubeba herufi takriban 4,700 tu za jeni, ilhali maagizo ya distrofini kamili yanapita herufi 11,000, kwa hiyo watafiti walilazimika kuifupisha sana protini yenyewe, wakabakiza zile sehemu tu walizoziona kuwa za lazima. Katika jaribio kubwa lililotolewa matokeo yake mwishoni mwa mwaka 2023, watoto waliopata tiba hiyo hawakuwazidi waliopata maji matupu kwa kiwango cha kutosha katika kipimo kikuu cha mwendo, ingawa baadhi ya vipimo vya pembeni, kama muda wa kuinuka kutoka sakafuni, vilionyesha nafuu. Hiyo si tiba inayoponya. Mwaka 2025 vijana wawili waliokuwa wameshapoteza uwezo wa kutembea walifariki kwa kushindwa kwa ini baada ya kuipata, na mwezi Novemba mwaka huo matumizi yake yakawekewa mpaka: ni kwa wanaotembea tu, wenye umri wa miaka 4 na kuendelea, tena kwa onyo kali kuhusu ini. Mtoto aliyekosa kipande cha 8 au cha 9 haruhusiwi kuipata kabisa. Mtoto ambaye mwili wake tayari una kingamwili nyingi za kukishambulia kirusi hicho, kwa sababu alishawahi kuambukizwa kimyakimya kirusi cha jamii hiyo, naye huachwa nje. Na bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 3.2, yaani zaidi ya shilingi milioni 400 za Kenya. Kiwanja cha Mtwapa hakifiki hapo, wala ukoo mzima haufiki, na hata ungefika, hamjui bado kama mtoto ni miongoni mwa wanaostahiki.

Basi fedha mlizokwisha kuchanga zitumieni kwa kipimo cha jeni. Mwombeni daktari aanze na kile cha kutafuta vipande vilivyokosekana au vilivyorudiwa, kwa kuwa peke yake hupata jibu kwa takriban wagonjwa saba kati ya kila kumi au zaidi, na kisipopata ndipo jeni yote isomwe herufi kwa herufi. Mara nyingi damu huchukuliwa hapa na kutumwa maabara za nje, kwa hiyo hakuna haja ya kumsafirisha mtoto. Takeni majibu kwa maandishi, yenye namba za vipande, na mtunze nakala. Karatasi hiyo ndiyo itakayoulizwa na kila daktari, kila jaribio la utafiti na kila dawa mpya itakayokuja.

Wakati mkingoja majibu, zipo tiba ambazo hazichagui kasoro. Ya kwanza ni steroidi, hasa prednisolone, ambayo inapatikana katika maduka ya dawa ya Mombasa kwa bei ya kawaida na imethibitika kumwongezea mtoto miaka kadhaa ya kutembea, na baadaye kumlinda mapafu na uti wa mgongo usipinde. Ina madhara: uzito, mifupa kudhoofika, kimo kupungua na maambukizi, na kwa hiyo chanjo zikamilishwe na kifua kichunguzwe kabla ya kuanza, na kamwe isikatishwe ghafla. Zimekuja pia vamorolone mwaka 2023, ambayo ni jamaa ya steroidi yenye madhara machache kwa mifupa na kimo, na givinostat mwaka 2024, ambayo hupunguza uharibifu wa msuli kwa njia nyingine. Hizi nazo hazichagui kipande, ila bei zake bado ni za nchi tajiri. Ya pili ni moyo. Kakako huenda aliondoka kwa moyo au kwa pumzi, kwa sababu misuli hiyo nayo inahitaji distrofini. Mtoto apigwe picha ya moyo kila mwaka hata kama hana dalili yoyote, na dawa za kuulinda moyo, ambazo ni za bei nafuu, huanzishwa mapema, kwa kawaida kufikia miaka 10. Ya tatu ni kunyoosha viungo kila siku nyumbani kama mtakavyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Atakapohitaji kiti cha magurudumu cha kipimo chake, msimpatie cha mtu mzima kilichoachwa. Ulizieni APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, ambao wengi hapa wanawajua kwa karakana zao za Bombolulu.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu linaua, tena ghafla: mtoto mwenye Duchenne asipewe suxamethonium, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, wala gesi za kawaida za nusukaputi, maana zinaweza kuivunja misuli kwa wingi na kuusimamisha moyo papo hapo. Kama hajatahiriwa, au akitaka kung'olewa jino kwa kulazwa usingizi, mwambieni daktari wa nusukaputi kabla ya siku yenyewe, kwa maandishi.

Na wewe mwenyewe, mama. Kwa kuwa kakako aliugua na mwanao anaugua, karibu ni hakika kwamba unabeba kasoro hii. Hukuitengeneza, wala mamako hakuitengeneza, na yeyote katika ukoo atakayekulaumu anakudhulumu. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa Duchenne hupata kasoro mpya kabisa ambayo mama hana. Lakini kwako ina maana kwamba moyo wako nao uchunguzwe, kwa sababu wanawake wanaobeba kasoro hii wanaweza kupata udhaifu wa moyo, na kwamba binti zako, kama unao, kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba. Dada zako pia waambiwe kabla hawajazaa, si baadaye.

Assalaam aleikum, Daktari. Mimi ni fundi wa magari, Likoni. Mwaka juzi tulimzika binti yetu wa miezi saba. Alikuwa akitutazama na kutabasamu vizuri, lakini hakuweza kuinua shingo, miguu ililala kama ya chura, na pumzi zilikuwa za tumbo. Majibu ya jeni yalifika baada ya mazishi, yakasema SMA. Sasa mke wangu ana mimba ya miezi minne. Nimesikia kuna dawa ya kunywa. Je, huyu anayekuja tutamwokoa?

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na Mungu awape subira kwa mtoto wenu. Swali lako lina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ina habari njema kuliko habari zote nitakazoandika leo.

Katika SMA kasoro haiko kwenye msuli bali kwenye neva za uti wa mgongo zinazouamrisha msuli, na ndiyo maana akili na tabasamu la binti yenu vilibaki timamu. Jeni iliyokosekana inaitwa SMN1. Watu wengi wana jeni pacha yake, SMN2, ambayo ina tofauti ndogo inayoifanya seli iruke kipande cha 7, na hivyo protini nyingi inayotoka hapo haidumu. Aliyekosa ya kwanza huishi kwa kutegemea ya pili. Kadiri nakala za pacha huyo zinavyokuwa nyingi, ndivyo ugonjwa unavyokuwa mpole.

Dawa tatu zimetokana na ufahamu huo. Nusinersen, ya Desemba 2016, huirekebisha SMN2 isikiruke kipande cha 7, na hudungwa mgongoni, dozi nne katika miezi miwili ya mwanzo, kisha kila baada ya miezi minne. Onasemnogene, iitwayo Zolgensma, ya Mei 2019, huleta nakala nzima ya SMN1 kwa dripu moja, na iliidhinishwa kwa watoto walio chini ya miaka 2. Risdiplam, ya Agosti 2020, ndiyo hiyo ya kunywa uliyoisikia. Hutolewa kila siku, nyumbani. Zamani wengi wa watoto wenye aina ya kwanza ya SMA hawakufika miaka miwili bila mashine ya kupumulia. Katika utafiti mmoja, watoto 25 waliokuwa na kasoro hii walianza nusinersen kabla ya dalili yoyote kuonekana. Miaka kadhaa baadaye wote walikuwa hai, na wengi wao walikuwa wakitembea wenyewe. Ni badiliko ambalo madaktari wa watoto wa rika langu hawakutarajia kuliona.

Lakini dawa hizi hulinda neva zilizo hai na hazifufui zilizokufa, na neva hufa kwa haraka katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo kwenu ninyi kila kitu kinategemea kujua mapema. Wewe na mkeo, karibu kwa hakika, kila mmoja anabeba kasoro moja, na katika kila mimba nafasi ya mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Nafasi ya mtoto kuwa mzima ni 3 kati ya 4, na hilo nalo mlikumbuke usiku mnapokosa usingizi. Kwanza, nyote wawili mpimwe sasa. Pili, zungumzeni na daktari wa uzazi kuhusu kumpima mtoto akiwa tumboni kwa kuchukua maji ya mfuko wa uzazi, jambo lenye hatari ndogo ya kuharibu mimba, na ambalo ni hiari yenu kabisa. Mkiona hamlitaki, damu ya mtoto ichukuliwe siku anapozaliwa na itumwe bila kungoja dalili. Zipimwe SMN1 na idadi ya nakala za SMN2 kwa pamoja, la sivyo mtapoteza wiki mkirudia kipimo.

Sehemu ya pili ni bei, na hapo siwezi kukuahidi. Zolgensma ilitangazwa kwa dola milioni 2.125, na nusinersen kwa dola 125,000 kwa kila dozi. Mwaka 2020 kampuni ya Novartis ilianzisha mpango wa kutoa bure hadi dozi 100 kwa mwaka kwa watoto wa nchi ambazo dawa yake haijaidhinishwa, na mwanzoni watoto walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu. Kwa maoni yangu kumpigia kura mtoto anayekufa ni fedheha kwa dunia nzima, lakini mzazi anayejua mlango huo upo ana heri kuliko asiyejua. Ombi la aina hii haliletwi na mzazi, hupelekwa na daktari bingwa, likiwa na majibu ya jeni. Kwa hiyo msingoje kujifungua: mwombeni daktari wa watoto katika Hospitali ya Rufaa ya Coast General awape rufaa kwa bingwa wa neva za watoto sasa, mimba ikiwa ya miezi minne, ili barua kwa watengenezaji wote watatu ziwe tayari na kilichobaki kiwe majibu tu.

Daktari, mimi ni binti wa miaka ishirini na nne kutoka Mji wa Kale. Ndugu zangu wawili, wa kiume na wa kike, wamezaliwa na kope zinazolegea na udhaifu unaozidi jioni. Walipelekwa India wakaambiwa ni miasthenia ya kurithi, wakaandikiwa pyridostigmine. Kaka alipata nafuu kidogo mwanzoni kisha akazidi kudhoofika, na dada alizidi tangu wiki ya kwanza. Hatukufanya kipimo cha jeni kwa sababu fedha zilikwisha. Mimi ni mzima, na nimechumbiwa na mtoto wa ami yangu. Naomba ushauri kwa yote mawili.

Mwanangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu huenda ndiyo yenye dawa iliyo karibu kuliko zote, nayo ni dawa ya bei ya kawaida.

Ugonjwa wa ndugu zako uko pale neva inapokutana na msuli. Jeni zaidi ya 30 zinajulikana kuweza kuharibu mahali hapo, na kila moja ina tabia yake. Iliyo ya kawaida kuliko nyingine ni CHRNE, ambayo kwa familia nyingi za Algeria na Tunisia hutokana na kasoro moja ile ile iliyorithiwa kutoka kwa babu wa kale, na wenye kasoro ya jeni hiyo kwa kawaida husaidiwa na pyridostigmine. Lakini wenye kasoro ya jeni ya DOK7 au COLQ huharibiwa nayo. Hao wanachohitaji ni salbutamol ya vidonge, ile ile inayotolewa kwa wagonjwa wa pumu, au ephedrine. Nafuu huja polepole, kwa wiki na miezi, na wapo waliotoka kwenye kiti cha magurudumu wakarudi kutembea. Kuna aina nyingine tena ambayo husaidiwa na fluoxetine, dawa ya kutibu huzuni.

Simulizi yako ya dawa kuzidisha udhaifu inanifanya nishuku mojawapo ya aina hizo za pili. Hata hivyo tafadhali msiende kununua salbutamol kwa sababu mmeisoma hapa, kwani inaharakisha moyo na inahitaji kupimwa kwa mgonjwa husika, wala pyridostigmine isikatwe bila daktari. Mpelekeeni bingwa wa neva maelezo uliyoniandikia, pamoja na tarehe ambazo hali ilizidi, na mwombe kipimo cha jeni cha kundi zima la magonjwa haya kwa ndugu mmoja. Kikijibu, kumthibitisha wa pili ni gharama ndogo. Watu husikia maneno "tiba ya jeni" wakafikiria mamilioni ya dola, na hapa inawezekana kabisa kwamba kilichokosekana kwa miaka yote hiyo ni karatasi moja ya maabara.

Kuhusu uchumba wako, nakujibu bila kukuvunja moyo. Ndoa ya binamu ni halali na ni desturi ya watu wa pwani, na watoto wengi wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Lakini katika nyumba yenu kasoro inajulikana kuwepo. Ugonjwa huu kwa aina zinazoshukiwa hutokea mtoto anapopokea kasoro kutoka kwa baba na kwa mama. Kwa kuwa wewe ni mzima na ndugu zako wanaugua, nafasi kwamba unaibeba ni 2 kati ya 3. Mchumba wako, kupitia kwa babake ambaye ni ndugu wa babako, ana nafasi ya takriban 1 kati ya 4. Ukizipiga hesabu, nafasi ya kila mtoto wenu kuugua ni takriban 1 kati ya 24, na hiyo si ndogo. Kasoro ya ndugu zako ikishajulikana, wewe na mchumba wako mtapimwa hiyo moja tu, na mmoja wenu akitoka hana, hatari hiyo karibu inaondoka kabisa na mnaweza kufunga ndoa kwa amani. Mkitoka nyote mnayo, mtazungumza mkijua. Ningependa vipimo vifanyike kabla ya tarehe ya harusi kutangazwa, kwa sababu kadi zikishagawiwa hakuna anayetaka kusikia habari za maabara.

Daktari, kijana wangu ana udhaifu wa misuli na sasa ana miaka kumi na saba. Kuna wakala hapa Changamwe anayetupangia safari ya nje kwa sindano za seli shina, malipo ni kabla ya safari. Anasema ni sehemu ya utafiti. Tumwamini?

Hapana, mzee wangu. Hakuna sindano ya seli shina iliyoidhinishwa na mamlaka za dawa za Marekani au Ulaya kwa magonjwa ya misuli ya kurithi, na zilizouzwa kiholela zimewahi kuleta maambukizi na uvimbe.

Tena, mgonjwa anayeshiriki jaribio la kweli la dawa hatozwi fedha za dawa hiyo. Hupewa fomu ya maelezo katika lugha anayoielewa, huruhusiwa kuipeleka nyumbani na kushauriana, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Jaribio linalofanyika Kenya lazima liwe na kibali cha kamati ya maadili, cha Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Mwulize wakala huyo swali moja kabla ya mengine: ni jeni gani ya kijana wangu ambayo sindano yako inailenga? Asiyeuliza majibu ya kipimo cha jeni kabla ya kuuliza fedha hana tiba inayolenga chochote. Na kama kijana hajawahi kupimwa jeni, miaka kumi na saba si kuchelewa. Wapo waliobandikwa jina la ugonjwa mmoja utotoni, na kipimo kikaja kuonyesha ni mwingine, wenye dawa. Fedha za nauli zitatosha kipimo hicho, na kwa kiasi kitakachobaki apigwe picha ya moyo na apimwe pumzi akiwa amelala, kwa sababu katika umri wake hayo mawili ndiyo yanayohitaji kuangaliwa mwezi huu.